Kulala chini ya boriti za kale: hoteli za Paradores za Uhispania kwa jicho la seremala

Mimi ni seremala. Nimechonga milango na kupandisha mapaa tangu ujana, na kilichonivuta Uhispania ni dari zake. Kwa miaka mingi nilitazama picha za dari za Granada na Sevilla, vipande vya mbao vinavyofumana kuwa nyota, nyota zikizaa nyota nyingine, nikawa najiuliza fundi alianzia wapi, katikati au pembeni. Picha haijibu swali kama hilo. Lazima usimame chini ya kazi yenyewe mpaka shingo iume.

Tulikwenda mimi na mke wangu, tukakubaliana jambo moja kabla ya safari: pale itakapowezekana tulale ndani ya majengo ya kale yenyewe. Kuyatembelea mchana pamoja na umati, kisha kurudi kulala kwenye hoteli ya vioo, hakukututosha. Uhispania ina hoteli za kazi hiyo hasa. Zinaitwa Paradores, ni mali ya serikali, na ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1928 katika milima ya Gredos, enzi za Mfalme Alfonso XIII. Leo zinakaribia mia moja nchi nzima. Moja ilikuwa ngome, nyingine makao ya watawa, nyingine kasri la mkubwa fulani, na ile ya Santiago de Compostela ilijengwa kwa amri ya Mfalme Fernando na Malkia Isabel iwe hospitali ya mahujaji, miaka 500 na ushei iliyopita.

Lakini si zote ni za kale, na hili nataka mtu alijue kabla hajalipa. Parador ya Toledo, ya Segovia, ya Salamanca na ya Córdoba ni majengo ya karne ya 20 yaliyowekwa nje ya mji mkongwe, mahali penye mandhari. Ya Toledo iko juu ya kilima ng'ambo ya mto Tajo, na ukikaa kwenye baraza yake unauona mji mzima umejipanga mbele yako. Wanaopenda mandhari watafurahi mno. Sisi tulitaka kuta, kwa hiyo Toledo tulipanga kwenye nyumba ndogo ya wageni ndani ya mji, tukawa tunatembea kwa miguu.

Toledo ndipo nilipoanza kuona kwamba safari hii ina mtu mmoja anayejitokeza tena na tena: Pedro I, mfalme Mkristo wa karne ya 14 wa Castilla, dola iliyokuwa sehemu ya Uhispania ya leo, ambaye wengine walimwita Mkatili. Mweka hazina wake alikuwa Myahudi, Samuel ha-Levi, na huyo ndiye aliyejenga sinagogi la El Tránsito katika miaka ya 1350. Nje ni ukuta wa matofali usiokuambia kitu. Ndani, inua macho: dari ya mbao inayopanda juu kama mtumbwi uliopinduliwa, imepambwa kwa pembe za ndovu, na chini yake nakshi za lipu zenye maandishi ya Kiebrania na ya Kiarabu ukuta mmoja. Kuna sinagogi jingine karibu, Santa María la Blanca, jeupe lote, lenye matao yaliyobana miguuni yanayofuatana safu kwa safu. Watu wengi hukaa zaidi humo. Mimi nilirudi El Tránsito.

Granada tulifika kwa treni kutoka Madrid. Parador ya huko iko ndani ya Alhambra kabisa, ile ngome yenye makasri juu ya mji, katika yaliyokuwa makao ya watawa wa Mtakatifu Francisco, yaliyojengwa juu ya kasri la Wanasri, watawala Waislamu wa mwisho wa Granada, baada ya Fernando na Isabel kuuteka mji mwaka 1492. Malkia Isabel alipofariki mwaka 1504 alizikwa humo, na Fernando akafuata. Miili ilihamishwa mwaka 1521 kupelekwa kwenye kanisa la kifalme mjini, lakini mahali pa kaburi pamebaki, katika sehemu ya kanisa la zamani ambayo sasa iko wazi kwa anga, na jiwe limewekwa sakafuni. Juu yake kuna vidaka vya lipu vilivyoning'inia kama sega la nyuki, kazi ya Wanasri ambayo watawa hawakuibomoa. Unapita hapo ukienda kunywa chai.

Je, inastahili bei yake? Hii ndiyo ghali kuliko zote; kwa usiku mmoja hupita euro 300 kwa urahisi, na majira ya watu wengi hupanda mbali zaidi. Pia kulala humo hakukupi tiketi ya makasri. Tiketi inanunuliwa peke yake, karibu euro 20, ina jina lako na namba ya pasipoti, na saa ya kuingia makasri ya Kinasri imeandikwa, ukichelewa umeikosa. Inunue wiki nyingi kabla, hata kabla ya kupanga chumba.

Unacholipia ni jioni. Magari ya watalii yakishaondoka, njia za ndani ya ngome zinabaki na watu wachache sana: wageni wa hoteli na paka. Tulitembea kutoka mlangoni hadi kasri la Carlos V na kurudi, mara kadhaa, hatuna haraka, harufu ya mihadasi iliyolowa ikitufuata. Kwa mtu aliyeijia Alhambra kutoka mbali, jioni ile ina thamani, na mimi sikujutia. Usiku mmoja lakini unatosha. Usiku wa pili ukalale mjini.

Na makasri? Nitasema juu ya chumba kimoja tu, ukumbi wa mabalozi katika mnara wa Comares, kazi ya enzi za Yusuf I, sultani wa Kinasri. Dari yake ina vipande zaidi ya 8,000 vya mbao, vimepangwa kwa daraja kuonyesha mbingu saba, na Sura ya al-Mulk imeandikwa chini yake kuzunguka ukumbi. Dari za namna hii ziko za aina mbili. Katika aina ya kwanza boriti zenyewe, zinazobeba uzito, huunganishwa kwa vipande vifupi vya kati mpaka umbo la nyota litokee; ukiondoa nakshi umeondoa paa. Katika aina ya pili fundi hupigilia mikanda ya mbao juu ya mbao pana, na mzigo hubebwa na kitu kingine kisichoonekana. Comares ni ya aina ya pili. Nilipokuwa kijana ningesema hiyo ni kazi rahisi zaidi. Ukisimama pale huwezi kusema hivyo. Kila mkanda umekatwa pembe yake, na kosa dogo kwenye nyota ya kwanza lingekuwa pengo la kidole ukifika ya mwisho. Sikuona pengo. Niliridhika pia kwamba wameanzia katikati, juu kabisa, wakashuka.

Mke wangu, aliyesoma chuoni zaidi yangu, alikuwa ukutani anafuata maandishi: wa la ghaliba illa Allah, hapana mshindi ila Mungu. Ni kaulimbiu ya Wanasri, imerudiwa kila mahali, juu ya milango, kwenye nguzo, katikati ya maua ya lipu. Alianza kuihesabu, akaacha. Watu waliokuwa karibu walimwomba awasomee, akawasomea.

Kutoka Granada tulichukua basi kwenda Úbeda. Mji huu hauna stesheni ya treni, na nadhani ndiyo sababu wageni ni wachache. Barabara inapita katika mizeituni ya mkoa wa Jaén, mizeituni mpaka upeo wa macho, kila kilima kimepigwa mistari. Hakuna mkoa duniani unaotoa mafuta ya zeituni mengi kuliko huu. Kisha unaingia mji wa mawe ya rangi ya asali, uliotajirika karne ya 16 na haukubomolewa baadaye. Úbeda na jirani yake Baeza viliingizwa pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2003.

Hii ndiyo parador niliyoipenda kuliko zote, nami nasema hivyo nikiwa nimelala ndani ya Alhambra. Ni kasri la Dekano Ortega, padri mkuu wa kanisa la El Salvador lililo jirani kabisa, na liko kwenye uwanja wa Vázquez de Molina, ambao majengo yake mengi ni ya wakati mmoja. El Salvador liligharamiwa na Francisco de los Cobos, katibu wa mfalme Carlos V. Mchoro wa kwanza ni wa Diego de Siloé na aliyelijenga ni Andrés de Vandelvira. Ng'ambo ya uwanja kuna kasri jingine la Vandelvira ambalo leo ni ofisi za baraza la mji. Watu wanaingia humo kwa shughuli zao, na kwangu jambo hilo linapendeza kuliko makumbusho.

Hoteli imekuwa hapo tangu mwaka 1930, na unaona kwamba nyumba imezoea kukaliwa. Katikati kuna ua wenye matao ghorofa mbili, nguzo zake nyembamba hata unashangaa zinabebaje. Nilizishika. Ni kipande kimoja cha jiwe kila moja. Chumba chetu kilifunguka ghorofa ya juu, mlango mzito wa mbao wenye matarabe, bawaba za chuma cha kufuliwa, na kitasa kilichofunga bila kusukuma kwa bega. Boriti za dari zilikuwa nyeusi kwa umri na zina alama za tezo. Fundi aliyezichonga hakuzipiga randa upande wa juu usioonekana. Upande wa chini alizilainisha. Nami hufanya hivyohivyo.

Asubuhi dirishani kulikuwa na mbayuwayu na kengele za kanisa, basi. Kifungua kinywa kina mkate wa kuchoma, nyanya iliyosagwa na mafuta ya picual, aina ya zeituni inayotawala mkoa ule, ukali wake unakwaruza koo kidogo. Mke wangu alinikuta bado nimesimama kwenye roshani ya ua nikitazama juu. "Bwana, dari utaikuta palepale," alisema, "mkate ndio unapoa." Tulikula, kisha tukaenda Baeza, kilomita 9 tu, tukarudi jioni.

Usiku wa Úbeda haukufika hata nusu ya bei ya Granada.

Córdoba nitaipita haraka upande wa malazi, kwa sababu parador yake ni ya kisasa na iko mbali na msikiti mkuu. Tulikaa kwenye nyumba yenye ua wa maua katika mtaa wa zamani wa Wayahudi, safi, kelele kidogo alfajiri. Msikiti ulioanzwa na Abd al-Rahman I katika miaka ya 780 umeandikwa sana, na kanisa kuu lililopandishwa katikati yake kuanzia mwaka 1523 pia limeandikwa. Nitaongeza jambo moja ambalo wengi hulipita. Nguzo za msikiti ziliokotwa kutoka majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, watu waliotawala Uhispania baada ya Warumi; hazikuwa ndefu vya kutosha kwa jengo kubwa namna ile, ndipo mafundi wakaweka tao juu ya tao ili paa lipande. Na ukitoka kwenye ua wa michungwa, tazama chini ya varanda zake: zimetundikwa boriti na mbao za dari ya kale, zingali na rangi na nakshi. Hapana foleni wala umati. Nilikaa hapo muda mrefu kuliko ndani.

Sevilla ndipo Pedro I anaporudi. Kasri lake ndani ya Real Alcázar, makao ya kifalme ya mji huo, lilijengwa katika miaka ya 1360, na milango ya ukumbi wa mabalozi ina maandishi ya Kiarabu yanayosema imetengenezwa na mafundi wa Toledo, mwaka 1366. Nimesoma majina ya wafalme wengi katika safari ile. Kuona maseremala wametajwa mlangoni kulinigusa moyo. Mlango mmoja unafungika kwa mabawa makubwa, na ndani ya bawa kuna kijilango cha mtu mmoja kupita, kama ilivyo kwenye milango mikubwa ya pwani. Juu ya ukumbi kuna kuba la mbao lililofanywa na fundi Diego Ruiz mwaka 1427, la dhahabu, nyota juu ya nyota. Na kwenye uso wa kasri hili la mfalme Mkristo, kwa vigae vya buluu, ipo ileile kaulimbiu ya Granada. Mke wangu ndiye aliyeiona kwanza.

Kulala tulikwenda Carmona, safari fupi ya basi kutoka Sevilla. Parador imo ndani ya ngome ya Pedro huyohuyo, juu ya genge, na chini yake bonde la nafaka linaenda mpaka macho yachoke. Niwe mkweli kwa wapenda ukale: kuta za nje ni za kale na zimechakaa vizuri, lakini hoteli yenyewe ilifunguliwa mwaka 1976 na sehemu kubwa imejengwa upya kwa mtindo wa zamani. Wengine wangeona huo ni udanganyifu. Mimi niliangalia viungo nikaona vimefanywa na watu wanaojua kazi. Ua una chemchemi na matao ya matofali, na kivuli chake mchana wa joto ni cha kweli kabisa. Ufundi wa kale unaoendelea kufanywa na mikono hai nauheshimu sawa na boriti ya miaka 500.

Sasa San Marcos, parador ya mji wa León. Iko kaskazini, treni ya kasi kama saa mbili kutoka Madrid, na uso wake ni moja ya kazi kubwa za mawe za karne ya 16 nchini humo, nakshi juu mpaka chini. Yalikuwa makao ya jumuiya ya wapiganaji wa kidini wa Mtakatifu Santiago. Ilikuwa pia gereza. Mshairi Francisco de Quevedo alifungwa humo kuanzia 1639 hadi 1643. Na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1936, upande wa Jenerali Franco, aliyeiasi serikali, uliigeuza kambi ya mateka. Maelfu ya watu walisongamanishwa ndani ya kuta zile, wengi hawakutoka hai. Ukumbi wa mikutano wa makao yale una dari ya mbao ya ajabu, miraba iliyochongwa ndani kwa ndani, na nilikuwa nimeiweka kwenye orodha yangu tangu mwanzo. Nilipoitazama sikuweza kuitazama kama nyingine. Waliolala sakafuni waliitazama pia, kila usiku. Hoteli imefanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa tena mwaka 2020, ni nzuri, watumishi ni wapole. Naamini mgeni anayelala pale ana wajibu wa kujua historia hiyo, na ningependa iwekwe mbele yake waziwazi, mlangoni, kabla ya funguo.

Kuhusu chakula: nyama ya nguruwe iko kila mahali, hata juu ya supu. Salmorejo, supu nzito ya baridi ya nyanya, mkate na mafuta, huletwa na yai na vipande vya jamón, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, juu. Sema mapema "sin jamón" na wataelewa bila kinyongo. Bilinganya za kukaanga zilizomiminiwa asali ya miwa tulizila karibu kila mji wa kusini. Chakula cha jioni hakianzi kabla ya saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo mwenye mtoto au mwenye sukari aweke kitu chumbani.

Malalamiko ninayo. Katika hoteli moja ya jengo la kale njiani, ambayo siitaji, picha zote tulizoonyeshwa zilikuwa za sehemu ya zamani, nasi tukapewa chumba katika ubawa mpya: mlango mwepesi wa mbao za kubandika, dari ya jasi, dirisha linalotazama maegesho. Tuliuliza kwa adabu, kesho yake wakatuhamisha. Tangu hapo nikawa naandika barua pepe kabla ya kulipa, naomba wanijibu kwa maandishi kama chumba kiko kwenye jengo la awali. Fanya hivyo popote. Uliza na lifti pia kama magoti yanasumbua, kwa sababu ngazi za mawe za nyumba hizi zimeliwa katikati na miguu ya karne nyingi na zinateleza. Mabegi ya magurudumu hayapendi mawe ya Toledo wala ya Úbeda.

Bei hushuka Jumapili hadi Alhamisi, na Paradores wana punguzo kwa wenye umri mkubwa na kwa vijana, linalotolewa kwenye tovuti yao wenyewe. Tovuti za mawakala hazikutuonyesha bei hizo. Kujiandikisha uanachama wao ni bure.

Na kama fedha haziruhusu kulala, usizikwepe. Njia kuu ya ndani ya Alhambra huingiwa bila tiketi, na mgahawa wa parador unahudumia mtu yeyote. Agiza kahawa, kaa upande unaotazama bustani za Generalife, kisha omba kuonyeshwa mahali alipozikwa Isabel. Watakuonyesha. Úbeda nako ingia uani na utazame zile nguzo.